Wanawake Samurai wa Wifi Yangu

Yule mwanamke wa Kijapani nilianza kumchukia kabla sijamchukia wifi yangu. Nilimwona kwenye televisheni ya wifi, kule Stafford, pembeni mwa Houston, amesimama mlangoni mwa ngome na silaha ya mpini mrefu kumzidi yeye mwenyewe, mwisho wake upanga uliopinda. Kundi zima la wanaume linamjia, na yeye hata jasho hana. Na binti yangu, wa kumzaa mwenyewe, kakaa kwenye zulia karibu na magoti ya shangazi yake, mdomo wazi, anamtazama yule mwanamke kwa macho ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo. Nikasema moyoni, haya, hiki nacho ni nini?

Lakini ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia kwenye wivu mtaniona mtu mbaya, na mimi si mbaya. Nina wivu tu.

Kwetu Tanga mama hamfundishi binti yake mambo ya kikubwa. Atamfundisha kupika, kufagia, kusoma Kurani, kunyamaza wageni wakija, lakini mwili wa mtoto ukianza kubadilika, mama anakaa pembeni. Anatafutwa mwanamke mwingine, mwenye heshima zake na kifua cha kutunza siri, ndiye anakuwa somo yake. Siku mtoto akivunja ungo anamwambia somo, si mama. Somo anamwelekeza usafi na adabu, halafu ndiye anayempelekea mama habari, na mama anazipokea kama mtu asiyejua kitu, hata kama shuka kalifua mwenyewe. Ndivyo nilivyolelewa. Somo yangu alikuwa jirani yetu mshona nguo, na siku yangu ilipofika mama alikuwa jikoni anakaanga samaki, hata uso hakuuinua. Nilidhani hajali.

Sasa mimi ni nesi. Naishi Grand Prairie, huku Texas, Marekani, kazi yangu iko hospitali moja upande wa Fort Worth, na kila siku ya Mungu nawaeleza watu baki mambo ya miili yao bila kupepesa macho. Nilipowaambia wenzangu wa kazini kwamba mwanangu sitamfundisha mimi, walinitazama kama nimesema natibu kwa hirizi. Wangejua! Nikifika nyumbani nikamtazama binti yangu, ulimi unakuwa mzito kama jiwe. Adabu ya kwetu imenikaa mwilini. Basi alipokaribia umri nikamwomba wifi yangu, dada wa mume wangu, awe somo yake. Nilimwomba kwa mdomo wangu, na doti ya kanga nikampelekea. Nani alinishika mkono? Hakuna. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wifi akakubali kwa sharti. "Ukinipa umenipa, wifi. Usije ukaniingilia katikati."

"Nikuingilie nina nini?" nikamjibu, na kiburi tele.

Wifi yangu ni mhasibu kwenye kampuni ya mabomba. Hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini, atakuuliza wewe kwa nini uliolewa. Nyumba yake ni ndogo, safi, inanukia udi, na jioni zake zote ni filamu za samurai. Tena si samurai yeyote. Hao wa kiume hana haja nao. "Mwanamume mwenye upanga nimeshamwona," husema. "Anapiga kelele, anakufa, basi." Yeye anawataka wanawake wa nyumba za kisamurai, wale walioachiwa wazee na watoto wakati waume zao wako vitani. Atakueleza kwa nini mpini wa silaha yao ni mrefu, ili adui mwenye nguvu asiwafikie karibu, na kile kisu kidogo wanachokificha kwenye mkanda wa kimono ni cha nini, na nani aliwafundisha. Atakueleza hadi chai yako ipoe na uanze kutamani usingeuliza.

Filamu zenyewe zisingeniuma. Kilichoniuma ni namna anavyozionyesha. Yeye na kaka yake walikulia kwenye vibanda vya video kule nyumbani, ambako filamu ya Kichina au ya Kihindi huwekewa mtu wa kutafsiri. Mtu huyo anapunguza sauti ya filamu, anashika kipaza sauti, anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, kikongwe na mtoto mchanga, na chumvi anaongeza ya kwake. Basi wifi ndivyo anavyofanya sebuleni kwake. Anazima sauti ya televisheni, anajifunga kanga kiunoni, na Wajapani wote wanaanza kusema kama watu wa Ngamiani, kule Tanga.

"Ewe baba wee," mwanamke wa ngome anamwambia jenerali mzima mwenye farasi, "kwa watu unaingia bila hodi? Viatu vivue hapo, na kichwa kiache hapohapo."

Mwanangu anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu anamjibu kwa niaba ya jenerali. Kwa Kiswahili! Huyu huyu ambaye mimi nikimwita kwa Kiswahili ananiitikia kwa Kiingereza, nikimkaripia kwa Kiswahili ananiomba radhi kwa Kiingereza, na kwenye mswala nimeshalia nikimwomba Mungu asimpoteze. Kumbe lugha anayo, jamani. Anayo, ila anampa mwenziwe.

Haya yote yalianza likizo moja ya kiangazi. Nilikuwa nimechukua zamu za ziada, baba yake yuko kazini ghalani mchana kutwa, tukampeleka Houston akakae na somo yake. Akarudi mgongo umenyooka. Mlango anaufunga polepole. Nguo zake anafua mwenyewe, anazianika, anazikunja, hakuna aliyemtuma. Mume wangu akafurahi, akasema dada yake anaijua kazi.

"Na mimi hapa nilikuwa nafuga kuku?" nikamuuliza.

"Mke wangu, si ulimpa mwenyewe?"

"Nilimpa. Sikumuuzia."

Akacheka, akadhani natania. Kila jioni mtoto alijifungia chumbani na simu, na mimi nikipita na kapu la nguo nasikia Kiswahili kinamwagika ndani, cheko juu ya cheko. Nikigonga nikaingia, anageukia Kiingereza palepale, kama mtu anayebadilisha stesheni. Nilikuwa nakula, na wivu unakula na mimi.

Idi ilipofika tukaenda wote Houston. Njia nzima ya barabara kuu namba arobaini na tano nilijiambia nitulie, nisiwe mama wa vituko. Nikamsaidia wifi kupakua biriani, nikamsifu pilipili yake ya ndimu, na baada ya kula akawasha televisheni. Ndipo nikamwona huyo mwanamke niliyemtaja mwanzo.

Ni filamu ya zamani, haina hata rangi. Bwana wa ngome kaenda vitani na wanaume wote, adui kapata habari kwamba nyumba imebaki na wanawake. Kabla ya mapigano yule mwanamke anachukua kamba, ncha moja anaing'ata kwa meno, anaizungusha begani, anaipitisha mgongoni, na ile mikono mipana ya kimono inajikusanya, inabana, mikono yake yenyewe inabaki huru. Wifi akasimamisha picha.

"Umeona, mwari wangu? Adui yuko mlangoni, lakini hajakurupuka. Anajiweka sawa kwanza. Na wewe jambo likikufika usikimbie huku na huko. Tulia, jiweke sawa, halafu niite."

"Ndiyo, somo," mwanangu akaitikia.

Niite. Yeye, si mimi. Na mimi nimekaa hapo, sahani ya biriani mapajani, kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Halafu ile kamba ina ajabu gani? Bibi zangu walikuwa wanafunga kibwebwe kabla wifi hajamjua Mjapani hata mmoja. Hakuna aliyewasimamishia picha.

Nikaanza kutafuta kasoro, na mwenye kutafuta hakosi. Ndani ya filamu ile kuna msichana mdogo anayefundishwa silaha na mwanamke wa ngome, na mama yake yule msichana anaonekana mwanzoni tu, kalala kwenye mkeka, anakohoa, anakufa. Wifi alimsemea hivi: "Koh, koh." Basi, ndiyo ikawa hotuba yake.

"Hata neno moja hukumpa?" nikauliza.

"Wifi, mwenye filamu hajampa. Mimi nitamtolea wapi?"

"Si unawatolea wote? Farasi umempa maneno!"

Mtoto akanipa ishara ya kidole mdomoni, ninyamaze. Mimi! Lakini nilikuwa nimeshaona kitu na hakitoki kichwani. Filamu zote za wifi, hata zile alizonisimulia, mama wa binti kafa. Anakufa kabla hujamaliza bisi. Binti anafundishwa upanga na baba, au na mtumishi mzee, au na mwanamke wa kuja. Kisasi analipa cha baba, cha mume, cha bwana wa ngome. Cha mama sijakisikia. Nikamuuliza wifi, hawa watu wa huko walizaliwa na nani, na mti?

Wifi hakukasirika. Alifikiri kweli, rimoti mkononi. "Mama akiwepo filamu haiendi, wifi. Binti anatoka kwenda vitani, mama atamwambia avae sweta."

Walicheka wote, mume wangu, wifi, na mwanangu zaidi ya wote, kalala chali kwenye zulia. Na mimi nikacheka, kwa meno tu. Mkuki kwa nguruwe.

Niseme haki ya wifi pia, ingawa inaniuma. Mwisho wa filamu ngome imeokoka, bwana karudi, na ushindi wote anapewa yeye aliyekuta mambo yamekwisha. Yule mwanamke anapiga magoti mbele yake, silaha inarudishwa ukutani, na kwa kuwa hana mume, ataozwa kwa ofisa fulani. Wifi huwa anakasirishwa sana na miisho hiyo. Anasema wanawake hawa wanapigana filamu nzima halafu mwenye filamu anawanyang'anya dakika ya mwisho. Kwa hiyo yeye anawarudishia kwa mdomo wake. Mwanamke kapiga magoti, kainamisha kichwa, na sauti ya wifi inasema taratibu: "Nimepiga magoti kwa sababu miguu imechoka, bwana. Usijipe sifa." Maneno hayo niliyapenda. Nikajikasirikia kwa kuyapenda.

Tuliporudi Grand Prairie nikaamua, kama ni filamu, na mimi nina mdomo. Siku yangu ya mapumziko nikatafuta moja mtandaoni yenye mwanamke na silaha ya mpini mrefu, nikatengeneza bisi, nikamwita mtoto akae na mimi kwenye kochi. Akashangaa, lakini akaja. Nikazima sauti. Nikafunga na kanga, kabisa.

Ilianza vizuri. Kulikuwa na mama ndani, mzima wa afya, anachota maji. Nikasema, huyu ni wangu, leo atasema. Nikamsemea. Akamwambia binti yake asome, aamke alfajiri, asiache vyombo kwenye sinki, awe mwangalifu na marafiki, ale mboga za majani, asiishi na simu sikioni, akumbuke alikotoka. Nilikuwa nimechanganya, sauti imepanda, nimesahau kutazama picha.

Mwanangu akanishika mkono. "Mama," akasema kwa Kiingereza, na kwa upole, "ameshakufa zamani. Wewe bado unaongea."

Nikatazama. Kweli, mama wa watu yuko chini, mshale kifuani, ndoo imeviringika, na binti keshaondoka na msafara. Mtoto alijaribu kuzuia cheko, likamshinda. Nikamwambia filamu yenyewe mbaya, nikazima. Alikaa dakika kidogo kwa heshima, kisha akaenda chumbani, na baada ya muda nikamsikia anamsimulia somo yake, tena kwa Kiswahili, anaigiza mpaka sauti yangu. Aliiigiza vizuri, haki ya Mungu. Nilikaa kwenye kochi nikamaliza bisi zote peke yangu.

Kuanzia hapo nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Siku yake ikifika, ataniambia mimi. Desturi naijua, sharti nalijua, lakini hapa ni Texas, si Tanga, na mimi ndiye niko naye nyumba moja. Stafford ni mbali. Nikanunua pakiti ya pedi nzuri, nikaificha nyuma ya mataulo kabatini kwangu, nikangoja. Nilikuwa namchunguza asubuhi anavyotembea, anavyokula. Mume wangu aliniuliza kama mtoto anaumwa.

Siku yenyewe ikaja Jumamosi mchana, nimeshavaa sare ya kazi. Tulikuwa mezani. Akasimama ghafla, akafunga sweta kiunoni, akachukua simu, akaenda bafuni. Hakusema kitu. Lakini kazi yangu mimi ni kumwona mtu kabla hajasema. Nikajiambia, atatoka aniite. Sasa hivi atatoka aniite.

Hakutoka. Nikaenda koridoni nikasimama karibu na mlango, na ndani nikasikia sauti ya wifi, simu imewekwa sauti ya juu.

"Umetulia?"

"Nimetulia, somo."

"Basi vizuri. Maji ya uvuguvugu, taratibu, hatuna haraka. Huumwi, mwanangu. Hujaharibika. Hujamkosea mtu yeyote."

Maneno hayohayo. Ndiyo ninayowaambia watoto wa watu pale hospitali, kwa sauti hiyohiyo, na akina mama zao hunishukuru. Na mwanangu anaambiwa kutoka Stafford, na mimi nimesimama nje ya mlango wa bafu langu mwenyewe. Hapana! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaenda kabatini, nikachomoa ile pakiti, nikarudi, nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, amevaa nguo zake vizuri, simu kaiegemeza kwenye kioo. Akanitazama. Nikaanza kuongea hata pumzi sijavuta. Nikamwambia mama yupo, mama ni nesi, mimi ndiye niliyekuzaa, nisikilize mimi, kwanza fanya hivi, pili fanya hivi, upesiupesi kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Wifi angeweza kunikumbusha sharti lake, na haki alikuwa nayo. Hakutia neno.

Mwanangu akasimama. Akainamisha macho, akaweka mikono pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Naomba uniwie radhi. Nipo na somo yangu. Naomba utupishe kidogo."

Sauti haikutetemeka. Hakuna hata neno moja la Kiingereza ndani yake. Utupishe! Hilo ni neno la watu wazima wa kwetu, la kusemea mlangoni, na mimi sikumfundisha. Akanyoosha mikono yote miwili akaipokea ile pakiti, akakunja goti kidogo, akasema ahsante. Sasa mtoto kama huyo utamgombeza kwa lipi? Kule nyumbani wangeuliza huyu binti kalelewa na nani. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, nikaufunga mlango polepole, nikapiga simu kazini kwamba nitachelewa.

Mume wangu alikuwa jikoni. Akaona uso wangu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. Nikawasha jiko, nikaanza kukaanga vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Machozi yalikuja, nikavisingizia vitunguu. Na hapo, kijiko mkononi, mgongo nimewapa watu, ndipo nilipomfahamu mama yangu na samaki wake.

Simu ikalia. Wifi.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi yangu."

"Nina habari njema. Mwari wetu amevunja ungo."

Tulijua wote wawili nilikuwa nimesimama wapi. Angeweza kunicheka, mawifi ndiyo kazi yao, na mimi ningekuwa yeye ningemcheka mpaka Idi nyingine. Lakini sauti yake ilikuwa na heshima tupu, kama vile ndiyo kwanza naisikia habari, kama vile mlango haukusukumwa na mtu.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Umejuaje?"

"Kaniambia mwenyewe."

"Ahsante sana kwa kunitunzia mtoto. Mungu akulipe."

"Amina. Mtoto ana adabu huyu, wifi. Hongera."

Hata kwa ustaarabu kanishinda. Nilikata simu nikalia kweli sasa, bila kusingizia kitunguu, na si kwa furaha. Mume wangu akataka kunishika bega, nikamwambia aende akatazame mpira wake.

Mtoto akatoka baada ya kitambo. Ameoga, nywele kazifunga kitambaa, uso wake mtulivu, mrefu kidogo kuliko asubuhi, au ni macho yangu. Akavuta kiti, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu cha kula.

Nikampakulia. Nyama nikamwekea nyingi kuliko ya baba yake. Nikakaa mbele yake nikamtazama anavyokula, na mdomoni nilikuwa na swali moja tu, shangazi yako kakwambia nini? Nikalimeza. Angenijibu kwa adabu, na ya siku ile ilikuwa imenitosha.